Fedha za paa zimelipa mlinzi: jumuiya ya nyumba ya kale itasimama vipi tena?

Swali: Sisi ni jumuiya ndogo ya kuhifadhi majengo, Lamu. Warithi wa nyumba moja ya kale ya matumbawe, ya ghorofa mbili, zidaka zake za ukutani bado nzima, walitukabidhi ili iwe maktaba ya mtaa. Mfadhili wa nje aliahidi shilingi milioni 6.4 kwa ajili ya paa na ukuta wa upande wa bahari. Tumepokea milioni 4.8 na kazi imefika kama nusu. Mapato mengine yalipokauka, tulitumia milioni 1.1 za mfadhili kulipa mlinzi, kodi ya ofisi, umeme na maji, nauli na posho za vikao, tukitumai kuzirudisha. Benki zimebaki 200,000. Mfadhili amezuia awamu ya mwisho ya milioni 1.6 mpaka aone hesabu. Isitoshe, mkandarasi ni kampuni ya mwenyekiti wetu. Tufanye nini, na tujikinge vipi yasitokee tena? – Katibu

Jibu: Ndugu Katibu, kabla ya lolote, simamisheni malipo yote kutoka akaunti ya mradi, hata yale madogo ya M-Pesa. Kisha hakikisheni paa lililofunguliwa limefunikwa na dari iliyotolewa boriti imetegemezwa. Ugomvi wa hesabu unaweza kungoja wiki mbili. Ukuta wa matumbawe ulioachwa wazi juu haungoji masika. Maji yakiingia kwa juu, udongo na chokaa vilivyo katikati ya ukuta huoshwa, na ukuta hufumuka kutoka ndani wakati uso wake bado unaonekana mzima. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili walikufa. Gharama ya kutegemeza na kufunika ni gharama halali ya mradi. Ombeni idhini ya mfadhili kwa barua pepe siku hiyo hiyo, mkieleza kiasi na sababu.

Sasa hesabu. Kosa lenu lina jina katika uhasibu: mmechanganya fedha zenye masharti na fedha huru, yaani zile ambazo jumuiya inaweza kuzitumia kwa shughuli yoyote yake. Fedha iliyotolewa kwa paa ni ya paa hata kama iko katika akaunti yenye jina lenu. Bodi haina mamlaka ya kuikopa, na nia njema ya kuirudisha haibadilishi jambo hilo. Andikeni taarifa ya ukurasa mmoja namna hii:

Zilizopokelewa kwa mradi: 4,800,000
Zilizotumika kwa paa na ukuta, zenye risiti: 3,500,000
Zilizopaswa kuwa benki: 1,300,000
Zilizopo benki: 200,000
Deni la mfuko huru kwa mfuko wa mradi: 1,100,000

Mstari wa mwisho ndio unaowauma, nao ndio unaopaswa kusomeka wazi kuliko yote. Angalieni pia jambo ambalo huenda bodi haijaliona: kazi iliyobaki ni ya milioni 2.9. Hata mfadhili akitoa awamu ya mwisho kesho asubuhi, mtakuwa na milioni 1.8 tu. Kwa hiyo kurudisha fedha si suala la heshima peke yake. Bila hizo milioni 1.1 paa halifungwi.

Zichambueni hizo milioni 1.1 kwa aina. Tuchukulie kwa mfano kwamba mlinzi alilipwa 25,000 kwa miezi 14, jumla 350,000. Kodi ya ofisi 15,000 kwa miezi hiyo hiyo, 210,000. Umeme na maji 90,000. Nauli na posho za vikao 450,000. Kila fungu lina dawa yake.

Mlinzi aliyelinda vifaa na mbao wakati kazi ikiendelea ni gharama ya eneo la kazi. Kama kazi ilienda miezi minane, basi 200,000 kati ya hizo 350,000 mnaweza kumwomba mfadhili azitambue, mkiambatisha mkataba wa mlinzi, daftari la zamu na saini za malipo. Ombeni zitolewe kwenye fungu la dharura la bajeti kama lipo. Msiseme kwamba zilikuwa halali tangu mwanzo. Ombeni idhini ya baadaye na mkubali akikataa. Zikikubaliwa, deni linashuka hadi 900,000.

Posho ni jambo jingine. Someni katiba yenu leo. Katiba nyingi za jumuiya za hisani zinakataza wajumbe wa bodi kulipwa kwa kuhudhuria vikao, na zinaruhusu tu kurudishiwa nauli halisi yenye risiti. Kama yenu ni hivyo, kila aliyepokea posho anadaiwa yeye binafsi, si jumuiya. Tutasema wazi: bodi ikianza na mfuko wake yenyewe, mfadhili husoma ukurasa wa pili wa barua kwa moyo tofauti. Wekeni siku 60 za kurudisha, na orodha ya majina na viwango iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Tuchukulie zote 450,000 zinarudi. Zinabaki 450,000.

Hizo zinaweza kulipwa na mapato huru, 25,000 kwa mwezi kwa miezi 18, lakini paa haliwezi kungoja miezi 18. Njia inayofaa kwenu ni mwanachama mmoja au wawili kuikopesha jumuiya bila riba, fedha iingie moja kwa moja katika akaunti ya mradi, nayo jumuiya imlipe mkopeshaji kidogo kidogo kutoka fungu huru. Iandikwe, ipitishwe na bodi, na iseme bayana kwamba nyumba haiwekwi rehani. Harambee nayo ni nzuri, ila iitwe kwa jina lake: tunachanga kufidia deni la mradi. Mkichangisha kwa jina la maktaba halafu mkalipia deni, mmerudia kosa lile lile kwa watu wengine.

Barua kwa mfadhili iende ndani ya siku 14, kabla hajaituma timu yake ya ukaguzi. Iwe na taarifa ya ukurasa mmoja, taarifa za benki za miezi yote, orodha ya malipo yaliyo nje ya masharti, azimio la bodi lenye saini, ratiba ya kurejesha, na hali ya jengo kwa picha zenye tarehe. Mwisho wa barua, pendekezeni kwamba awamu ya mwisho ilipwe kwa vipande, kila kipande baada ya kazi kupimwa. Wafadhili wa majengo wamezoea kuona mambo yakiharibika. Wanachokimbia ni kuambiwa mambo nusu nusu, leo mlinzi, mwezi ujao kodi.

Kuhusu mwenyekiti. Kampuni yake kupewa kazi si lazima iwe wizi, lakini ni mgongano wa maslahi, na mgongano usiotangazwa huchafua hata kazi safi. Mambo matatu yaulizwe: je, kulikuwa na bei za wakandarasi watatu? Je, alitoka chumbani wakati wa kuamua, na kumbukumbu zinaonyesha? Je, ni nani aliyetia saini hundi za kampuni yake? Kama jibu la swali la tatu ni yeye mwenyewe, tatizo ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mwiteni mkadiriaji majenzi asiye na uhusiano na yeyote kati yenu. Apime kazi iliyofanyika, mita kwa mita: eneo la dari lililobadilishwa, idadi na urefu wa boriti, mita za mraba za lipu ya chokaa. Alinganishe na zile milioni 3.5. Kama kazi haifikii fedha, tofauti inadaiwa kampuni, na barua kwa mfadhili iseme hivyo. Kama inafikia, mwenyekiti amesafishwa kwa vipimo, jambo ambalo maneno ya kikao hayawezi kumfanyia. Kwa vyovyote vile, hawezi kubaki na kofia mbili. Achague: aachie uenyekiti mpaka kipindi cha kasoro kiishe, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake, au aachie kazi.

Muulizeni mkadiriaji swali moja zaidi: imetumika chokaa au simiti? Mkandarasi anayebana bei hupenda simiti kwa sababu hukauka upesi na kila fundi anaijua. Ukuta wa matumbawe umejaa chumvi na unapumua. Ukiufunika kwa simiti, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na vipande vya jiwe. Katika hesabu hilo maana yake ni kulipa mara tatu: kupiga lipu, kuibandua, kuipiga upya. Kama simiti imetumika kinyume cha mkataba, kazi hiyo haijakamilika na haistahili kulipwa.

Kwenye boriti ndipo bajeti nyingi za nyumba za Lamu na Mji Mkongwe zinapokufa. Boriti huoza pale inapoingia ukutani, na hapo hapaonekani mpaka lipu iondolewe. Mnaandika boriti 20, mnafungua mnakuta 45. Asilimia 10 ya dharura, inayotosha jengo jipya, ni ndogo kwa nyumba ambayo kuta zake hazijafunguliwa. Sisi tunaweka 20 hadi 25. Mfadhili akikataa fungu la dharura kubwa hivyo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ruzuku ndogo ya uchunguzi kwanza, fundi afungue sehemu chache za ukuta na miisho ya boriti, halafu bajeti kubwa iandikwe juu ya kilichoonekana. Ya pili ni kuandika mkataba kwa bei ya kipimo: boriti moja shilingi kadhaa, mita ya mraba ya lipu shilingi kadhaa, kisha idadi ihesabiwe kazini. Msikubali bei moja ya jumla kwa kazi ambayo hakuna aliyeiona ndani.

Muda nao ni fedha. Chokaa hutaka kulowekwa wiki kadhaa kabla ya kutumika, na kila tabaka la lipu hukauka polepole kabla ya lingine kupigwa. Ruzuku ya miezi 12 iliyotiwa saini Machi inaingia moja kwa moja kwenye masika. Kazi ya nje huanza Juni au Julai, na Desemba mfadhili anauliza kwa nini nusu ya fedha haijatumika. Wakati huo huo mlinzi, ofisi na umeme havisimami. Kwa kweli, hivyo ndivyo jumuiya nyingi zinavyoishia kugusa fedha za paa: kalenda ya ruzuku haikufuata kalenda ya mvua. Na boriti zenyewe, ambazo ni za mikoko, zinategemea vibali. Marufuku ya kukata miti ya 2018 iliwagusa na wakataji mikoko wa Lamu, kwa hiyo anayeomba ruzuku aandike tarehe ya kuanza inayotegemea boriti kuwa zimeshanunuliwa na kuletwa.

Katika mkataba wa kazi iliyobaki, zuieni asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo mpaka kipindi cha kasoro kiishe, na kipindi hicho kiwe miezi 12. Miezi sita, inayopendwa na wakandarasi, inaweza kuisha bila jengo kupigwa na mvua kubwa hata mara moja. Fedha iliyozuiwa ikae akaunti ya mradi na isihesabiwe kama iliyobaki.

Kodi huwa zinasahaulika. Kusajiliwa kama shirika la hisani hakuwapi msamaha wa kodi ya mapato; msamaha unaombwa kando kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na una muda wake. Mnapomlipa mkandarasi mkazi wa Kenya, mnapaswa kukata asilimia 3 ya kodi ya zuio, na asilimia 5 kwa mtaalamu kama msanifu au mkadiriaji, malipo yanapofikia shilingi 24,000 kwa mwezi, na kuiwasilisha ndani ya siku tano za kazi. Msipoikata, KRA itaidai kwenu pamoja na adhabu, na hakuna mfadhili anayelipa adhabu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 iliyomo kwenye ankara hamtarudishiwa ikiwa hamjasajiliwa kwa VAT, basi iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Mlinzi akiwa mwajiriwa, ana michango ya pensheni ya NSSF, makato ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwake na asilimia 1.5 kwenu. Anayeandika 25,000 katika bajeti ya mlinzi hajaandika gharama nzima ya mlinzi.

Sasa kiini cha swali lenu la pili. Hamkuingia shimoni kwa sababu ya ukosefu wa maadili. Mliingia kwa sababu nyumba ilipokelewa bila mtu kuuliza itagharimu kiasi gani kwa mwaka ikiwa imesimama. Fedha ya kutengeneza hupatikana. Picha za kabla na baada humvutia mfadhili. Fedha ya kumlipa mlinzi Jumanne ya kawaida haina picha, na karibu hakuna mfadhili anayeitoa. Kwa hiyo hesabu ya matunzo hufanywa kabla ya jiwe la kwanza kuguswa, hata kabla ya kupokea nyumba.

Chukueni mfano huu na mbadilishe namba. Mlinzi 300,000 kwa mwaka. Kupaka chokaa na kuziba nyufa 120,000. Makuti ya juu, yakigharimu 250,000 kila baada ya miaka mitano, ni 50,000 kwa mwaka. Kukagua mchwa na boriti 60,000. Mkaguzi wa hesabu 80,000. Umeme na maji 72,000. Ada ya ardhi 18,000. Jumla 700,000. Upande wa mapato: duka la chini 20,000 kwa mwezi ni 240,000; wanachama 40 wakilipa 200 kwa mwezi ni 96,000; viingilio vya wageni tuseme 240,000. Jumla 576,000. Pengo ni 124,000 kila mwaka, na pengo hilo likiachwa litakula paa tena.

National Trust ya Uingereza, shirika la kuhifadhi majengo ya kale lililoanzishwa 1895, haipokei nyumba bila kupiga hesabu ya namna hii; wana kanuni yao inayoitwa kwa jina la Chorley, na nyumba isiyokuja na mtaji wa kuitunza inaweza kukataliwa hata ikiwa nzuri vipi. Kwa pengo lenu, mkichukua asilimia 4 tu ya mtaji kila mwaka ili mtaji usiliwe na kupanda kwa bei, mnahitaji mfuko wa kudumu wa milioni 3.1. Hatifungani za serikali hulipa zaidi ya asilimia 4, lakini anayetumia faida yote atakuta baada ya miaka kumi mtaji wake unanunua nusu ya chokaa aliyokuwa akinunua. Na kwenu Lamu wako wanachama ambao hawatakubali riba kabisa, na hawapaswi kushurutishwa. Kuna sukuk, hatifungani isiyo na riba inayofuata sharia ya Kiislamu; ya kwanza ya Kenya ilitolewa 2023. Ila njia iliyo karibu zaidi nanyi ni ile ambayo misikiti ya pwani imeitumia kwa karne nyingi: duka au shamba la minazi lililowekwa wakfu, kodi au mazao yake yakitunza jengo. Duka moja lenye mpangaji mwaminifu, lililowekwa wakfu kwa nyumba hiyo, lingeziba pengo lenu lote.

Gharama pia zishuke. Hamieni na ofisi katika chumba kimoja cha nyumba yenyewe. 15,000 za kila mwezi zimeokoka. Kazi ikiisha, badala ya mlinzi wa mshahara mnaweza kumpa mtunzaji chumba cha kuishi bure, kwa mkataba ulioandikwa kwamba anaishi humo kwa sababu ya kazi, ili asije akadai upangaji.

Kuhusu uongozi, bodi ya watu tisa inatosha. Isiwe kubwa zaidi. Undeni kamati ya fedha ya watatu, mmoja awe anajua uhasibu kweli, na kamati ya jengo ambayo ndani yake yumo fundi mwashi anayejua chokaa. Mtu mmoja asiwe katika zote mbili. Akaunti za benki zitenganishwe: moja kwa kila mradi, moja ya uendeshaji, na hakuna kuhamisha kati yake bila azimio la bodi. Watia saini wawili kati ya watatu, wasiwe ndugu wa damu wala mume na mke. Michango iingie kwa Paybill ya jumuiya, kamwe isiingie simu ya mhazini. Upotevu mwingi wa jumuiya ndogo unaanzia kwenye simu ya mtu mwaminifu aliyechoka kutenganisha fedha zake na za watu. Fedha ndogo za mkononi zisizidi 10,000, zikijazwa tena kwa risiti tu. Kila mwezi mhazini alinganishe daftari na taarifa ya benki, na mjumbe mwingine atie saini kwamba ameona. Ripoti ya bodi iwe ukurasa mmoja wenye safu mbili, fedha huru na fedha zenye masharti. Kama safu hizo zingekuwepo, deni lenu lingeonekana mwezi wa kwanza likiwa bado dogo.

Kila mwaka mwanzoni, kila mjumbe aandike katika rejista kampuni, maduka na ndugu wanaoweza kufanya biashara na jumuiya. Muhula uwe wa miaka mitatu, na mjumbe asipate zaidi ya mihula miwili mfululizo. Kama mmesajiliwa kama shirika la manufaa ya umma, kumbukeni kuwa Sheria ya mashirika hayo ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Hakikisheni usajili na taarifa zenu za mwaka ziko chini ya mamlaka mpya. Kibali cha Makumbusho ya Taifa na cha kaunti kwa kazi yenyewe kiwe kwenye faili. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kazi isiyo na kibali ni sababu tosha ya mfadhili kujiondoa.

Tumeliacha mwisho jambo linaloweza kubomoa yote. Mmesema warithi waliwakabidhi nyumba. Warithi wote? Nyumba za Lamu hurithiwa na watu wengi, wengine wako Mombasa, wengine Oman na Ghuba, na wapo waliofariki bila mirathi yao kugawanywa. Mrithi mmoja asiyetia saini anaweza kurudi nyumba ikiwa imeshatengenezwa na kudai fungu lake, na thamani itakuwa imepanda kwa fedha za mfadhili. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi, pateni orodha ya warithi kutoka kwa Kadhi, na kila mmoja atie saini mbele ya wakili. Kama warithi wako tayari, nyumba iwekwe wakfu rasmi kupitia Tume ya Wakfu, iliyoko Mombasa, hivyo isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi. Wasipokuwa tayari, ombeni ukodishaji uliosajiliwa wa angalau miaka 25. Msipopata hata huo, msiingize shilingi nyingine katika jengo hilo zaidi ya kulifunika na kulitegemeza, na mwambieni mfadhili sababu.